Nusu ya Wimbo wa Pacha

Harufu ya tumbaku iliyokauka hunirudisha kwenye kile chumba hata leo. Kilikuwa chumba cha uani pale Majengo, mjini Mpanda, ambacho mjomba wangu Deo alikipanga aliporudi kutoka Dar es Salaam katikati ya miaka ya tisini. Kuta zake zote alizifunika kwa magunia yaliyowahi kufungia tumbaku, akayapigilia misumari kutoka sakafuni hadi kwenye mabati, ili jogoo wa jirani na mashine ya kusaga visisikike ndani. Jogoo hakusikika tena, lakini harufu ya tumbaku haikutoka. Ukikaa humo robo saa unatoka na kichwa kizito, na Mama akikunusa nguo anajua ulikokuwa hata ukane vipi. Mezani palikuwa na redio ya deki mbili, betri ya gari, na kitu ambacho watoto wa mtaa mzima tulikuwa tukipanga foleni dirishani kukiona: kinanda cha umeme, cheusi, kifupi kuliko mkono wa mtu mzima. Ndani yake mlikuwa na ngoma ambazo hakuna mtu aliyezipiga. Unabonyeza tu, zinalia zenyewe mpaka uzizime. Tena kinanda hicho kiliweza kunasa sauti ya mtu, maneno mawili matatu ya pumzi moja, kisha mjomba akiweka kidole, sauti ile inatoka tena na tena, bila kuchoka wala kukohoa.

Mjomba Deo alikuwa na jambo lake moja kichwani. Alisema vijana wa mjini wanacheza disko la Wazungu wakati bibi zao wana nyimbo ambazo zikipewa mdundo wa mashine zitatikisa nchi. Alitaka kutoa albamu nzima ya namna hiyo, upande A na upande B, na jina alikwisha kuliandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya jalada: Ya Kale Yamerudi. Akaanza kukusanya. Mzee mmoja Mpimbwe aliyekuwa akileta asali sokoni alimwimbia wimbo wa kulimia. Mama mmoja wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, aliyekuja kuuza maharage, alimwachia wimbo wa kubembelezea mtoto kwa Kirundi, na mjomba akaugeuza ukawa wa kurukaruka, mama wa watu alipousikia akacheka mpaka akakaa chini. Baba yangu, ambaye ujana wake wote ulikuwa wa dansi na suruali pana, alimfundisha namna magita ya zamani yalivyokuwa yakijibizana, na mjomba akayaiga kwa sauti ya kinanda. Nyimbo zikafika kumi na moja. Alitaka ya kumi na mbili, na hiyo alijua anayoitaka: wimbo wa pacha. Akamwendea mama yake, yaani bibi yetu, aliyekuwa akiishi Inyonga, akarudi na vumbi tupu. Bibi alimwambia ule si wimbo wa kuchezea, na asiyezaa pacha hana cha kuutafutia.

Sasa lazima niseme sisi ni nani. Mimi ni Doto, na ndugu yangu ni Kulwa. Huko kwetu ukisikia majina hayo huhitaji kuuliza. Kulwa ni pacha aliyetangulia, Doto ni aliyemfuata. Kulwa alikuwa mvulana, mimi msichana, na kutangulia kwake kule kwa dakika chache kulikuwa mwiba wangu wa kila siku. Alitangulia kuota meno, akatangulia kusoma, na akiimba watu waliacha walichokuwa wakifanya. Mimi sauti yangu ilikuwa nyembamba na ya puani kidogo. Mjomba alipotafuta mtoto wa kuitikia kwenye albamu yake hakuuliza, alimchukua Kulwa. Niliumia, sikatai. Tulikuwa na miaka kumi, umri ambao wivu unakuwa umekwisha kukomaa lakini akili bado.

Na mimi nilikuwa na kitu ambacho mjomba alikitaka. Miezi michache kabla ya hapo, jirani yetu wa Makanyagio alikuwa amejifungua pacha, na Bibi aliitwa kutoka Inyonga kuja kuwatoa nje. Kwa desturi yetu, pacha hawatolewi nje hivihivi kama watoto wengine. Wanawake waliozaa pacha hukusanyika ndani, wanapaka unga mweupe, wanapiga ngoma, na wanaimba wimbo ambao una matusi mazitomazito, matusi ambayo siku nyingine yoyote yangekuletea kesi. Siku hiyo yanaruhusiwa, ndiyo kinga yenyewe. Pacha wa mtaani huitwa nao wakae hapo, wapakwe unga usoni. Mimi na Kulwa tulikaa kwenye mkeka, tukasikia yote, tena tukicheka kwa kujificha. Ila mimi sikusikia yote. Katikati ya wimbo, sufuria la makande lilifunguliwa uani, harufu ikanifikia, nami nikateleza nikatoka. Kulwa alibaki mpaka mwisho. Ndivyo ilivyokuwa: mimi nilikuwa na nusu ya wimbo na tumbo lililoshiba.

Nikamwendea mjomba peke yangu, mchana mmoja Kulwa akiwa ametumwa mashineni. Nikamwambia, "Mjomba, ule wimbo wa pacha naujua, lakini naimba mimi, Kulwa asiimbe." Akafunga mlango. Nikamwimbia. Mwanzo wa wimbo ni wa kuita; kwa Kiswahili ungesema, tokeni nje, wawili, mwonwe. Mjomba, ambaye aliondoka nyumbani mdogo na Kikonongo chake, lugha ya kwetu, kilikuwa kimebaki cha salamu, hakuelewa hata nusu ya yale matusi. Alichokisikia ni mahadhi. Akaniambia niseme lile neno la kuita peke yake, kwa nguvu, karibu na kinanda. Nikalisema. Akabonyeza, na sauti yangu ikatoka, nyembamba, ya puani, ikiita nje, nje, nje, juu ya ngoma zisizo na mpigaji; mistari iliyobaki, matusi na yote, akainasa moja kwa moja kwenye kaseti. Alipouliza kama wimbo unaishia hapo, nilisema ndiyo. Niliogopa nikisema haujaisha atamwita Kulwa aumalizie. Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja tu, na mpaka leo sijapata kusema neno lililonigharimu kuliko hilo.

Kaseti zilitoka baada ya mavuno. Mjomba alirudufu usiku na mchana kwa ile redio ya deki mbili mpaka ikawa inanuka kuungua. Wimbo wa kumi na mbili ndio uliopendwa kuliko yote. Vijana waliucheza sokoni bila kujua wanachokiitikia, huku wanawake watu wazima wakijifunika midomo kwa kanga na kuondoka haraka, wengine wakicheka, wengine wakitikisa vichwa. Mama alipousikia mara ya kwanza aliweka ndoo chini. Aliniuliza kama ile ni sauti yangu, nikasema ni mashine. Kwenye kioski kilichotazamana na nyumba yetu, Baba Neema mwenye duka aliupiga tangu asubuhi mpaka betri zilegee. Nilipaswa kufurahi. Badala yake kila ulipoanza nilihisi kama nimeacha kitu motoni na sikumbuki ni jiko gani.

Wiki ileile Kulwa akashikwa na homa. Mwanzoni hatukuogopa, homa Mpanda ni mgeni wa kila msimu. Alipewa klorokwini, akajikuna usiku kucha kama ilivyokuwa kawaida ya dawa ile, na tukangoja apone. Siku ya tatu ilikuwa bado, na macho yake yalikuwa yakitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ndipo lilipotokea jambo ambalo sijawahi kulieleza vizuri kwa yeyote. Baba Neema aliweka kaseti, nyimbo zikapita moja moja, na ulipofika ule wa kumi na mbili, Kulwa aliyekuwa hawezi hata kunyanyua kikombe akakaa kitandani, akashusha miguu, akaanza kwenda mlangoni. Mama alimkamata kiunoni. Akamwuliza anakwenda wapi. Kulwa akajibu kwa utulivu kabisa, "Doto ananiita nje." Mama aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimekaa pale pale miguuni pa kitanda, nimeshika bakuli la uji, na mdomo wangu umefungwa.

Alifanya hivyo tena mchana, na tena jioni. Kila kaseti ilipozunguka ikafika pale, aliinuka. Mimi nikajua kosa ni langu. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Wimbo ulikuwa unamtoa nje na haukuwa na kitu cha kumrudisha, kwa kuwa mwisho wake niliuuza kwa makande. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mimi niliona kabisa sahani ya ndugu yangu imejaa janga langu. Lakini kusema, sikuweza. Nilivuka barabara nikamwomba Baba Neema asiupige ule wimbo. Alicheka, akasema, "We mtoto wa ajabu, wenzako wanatamani wasikike mpaka Tabora." Neno Tabora likanichoma, maana mjomba alikuwa amepanga kupeleka kaseti huko kwa treni. Nikakimbia mpaka Majengo, nikakuta chumba cha mjomba kimefungwa, na jirani akaniambia amekwenda stesheni na katoni. Nikakimbia tena. Nilifika treni ikiwa imekwisha kujaa watu, magunia ya mpunga na kuku, na nikaona katoni ya mjomba ikipokelewa mlangoni mwa behewa na mikono ya mtu nisiyemjua. Mjomba aliniona nikihema akadhani nimekuja kushangilia, akaninyanyua juu ili nione vizuri. Treni ikaondoka na sauti yangu ndani ya katoni. Nilifuata reli kwa macho mpaka behewa la mwisho lilipopotea, huku nikihesabu stesheni za njiani ninazozijua, na kila stesheni nilimwona mtoto mgonjwa akishusha miguu kitandani.

Niliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Malaria ilikuwa imempanda Kulwa kichwani. Baba alimweka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, Mama akatembea kando akimshikilia, wakaenda hospitali. Nikawafuata. Walimtundikia dripu ya kwinini, wakamfunga mkono kwenye ubao usicheze, na muuguzi akatuambia tungoje. Kungoja huko simtakii hata adui. Nilikaa kwenye benchi la nje nikisikiliza, maana kila upepo ulipogeuka nilidhani nasikia ule mdundo. Pengine nilikuwa nausikia kweli, mji wenyewe ulikuwa mdogo. Nikaziba masikio, nao ukaendelea humo ndani ya kichwa.

Bibi, aliyekuwa amepelekewa habari, alifika siku ya pili, juu ya lori la mbao kutoka Inyonga, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Hakuuliza hali ya mgonjwa kwanza. Alisema njiani, pale lori liliposimama kutiwa maji, amesikia wimbo wake ukitoka kwenye redio ya mtu, na aliyekuwa akiita ni mtoto pacha, kwa kuwa sauti hiyo anaijua. Kisha akaniita pembeni, nyuma ya wodi, penye kamba za kuanikia mashuka. Sikungoja aulize. Nilisema yote: wivu, makande, mjomba, na lile neno "ndiyo" nililolisema wimbo ukiwa haujaisha. Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Nilitegemea kofi. Bibi alikunja ncha ya kitenge chake, kisha akauliza swali moja tu, "Mwisho wake huujui kabisa?" Nikasema siujui. Akasema mashine haina kosa, na hata Deo hana kosa kubwa, mjinga tu. Wimbo kuimbwa si shida. Shida ni kumwita mtu nje kisha ukaacha kumwambia arudi. Nani afanyaye hivyo kwa mgeni, sembuse kwa ndugu?

Tukaingia wodini. Bibi aliinama kwenye sikio la Kulwa, akaimba nusu ya pili, polepole, kwa sauti ya chini kwa kuwa wodi ilikuwa na wagonjwa wengine. Hiyo haina matusi hata moja. Inasema, ingieni ndani, wawili, mlango ni wenu. Akanifanya niirudie mpaka nikaishika, mstari kwa mstari, huku nimeweka mkono wangu juu ya ule mkono uliofungwa kwenye ubao. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutusikiliza. Alasiri ile Kulwa alitoka jasho, shuka likalowa, na alipofumbua macho akaniambia ninanuka tumbaku. Mama aliangua kilio hapo hapo, baada ya siku zote zile za kujikaza.

Kabla Bibi hajarudi Inyonga, alikwenda mwenyewe Majengo. Alikaa kwenye kiti cha mjomba katikati ya yale magunia, akaamuru kinanda kiwashwe, akaimba mwisho wa wimbo mara moja tu na akakataa kurudia. Mjomba Deo, mtu mzima mwenye ndevu, alirekodi akiwa amepiga magoti. Kaseti zote zilizotoka baada ya hapo zilikuwa kamili, sauti yangu ikiita na ya Bibi ikirudisha, na Baba Neema alipewa mpya bila kudaiwa. Lakini zile za kwenye treni zilikuwa zimekwenda. Nilimwuliza Bibi itakuwaje huko zilikofika. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, ila aliyeyamwaga anaweza kufuta sakafu. "Kila utakapousikia nusu," aliniambia, "umalizie wewe. Popote ulipo." Nadhani alitaka kunipa adhabu nyepesi, kazi ya mkono ya kunituliza. Hakujua anamkabidhi nani. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na mtu wa wasiwasi ukimpa kazi isiyo na mwisho, ataifanya.

Leo mimi ni muuguzi hapa hapa Mpanda. Nimetundika dripu zisizo na idadi, na nikiulizwa kilichomponya Kulwa nitasema kwinini, tena nitasema dawa ilichelewa kwa kuwa tulikaa nyumbani siku tatu. Najua mtoto mwenye homa kali husikia sauti na huinuka kwenda asikokujua, na sauti aliyoisikia Kulwa ilikuwa kweli yangu, ikitoka kioski cha ng'ambo. Yote hayo nayajua. Bibi alikwisha fariki, mjomba Deo anauza vipuri vya pikipiki, na chumba cha magunia sasa ni saluni. Nilidhani na wimbo umekufa, mpaka mwaka huu, kijana mmoja wa Dar es Salaam alipookota kaseti moja ya zamani, sijui wapi, akanasa sauti ile kwa kompyuta yake na kuitengenezea mdundo mpya. Ni kaseti ya treni. Nilijua siku ya kwanza, bodaboda ilipopita mbele ya wodi: nje, nje, nje, sauti nyembamba, ya puani, ya mtoto wa miaka kumi aliyekuwa na wivu. Watoto wangu wanauimba wakiosha vyombo. Wanasema ni wimbo mpya.

Zamani niliweza kufuata sauti yangu mpaka stesheni, nikaiona ikipakiwa, nikajua inakoelekea. Ilikuwa katoni moja. Nilipousikia popote nilisimama nikaumalizia chini kwa chini, na watu waliniona kama ninasali. Sasa kabla sijamaliza mara moja, umekwisha pigwa kwenye simu elfu, Sumbawanga, Mwanza, hata huko nje ya nchi, na kila mahali unaita bila kurudisha. Siwezi kuumalizia kila mahali. Kwa hiyo nampigia simu mtu mmoja. Kulwa ni dereva wa lori, huwa njiani siku nyingi, na simu yake mara nyingine huita mpaka ikakatika yenyewe, nami hubaki nimesimama koridoni na trei ya dawa mkononi, mtu mzima na nywele za mvi. Jumanne iliyopita iliita mara ya kwanza hakupokea. Ya pili hakupokea. Ya tatu akapokea, nikasikia injini, na kabla sijasema kitu akasema, bila kuuliza, kama anavyosema miaka yote hii, "Nipo ndani, Doto. Nipo ndani."